Kumbukumbu za Kikao cha Jina

Siku ya tatu, A Coruña, ghorofa ya nne,
mvua ikigonga vioo vya roshani kama mdai asiyechoka.
Ajenda ilibaki na mstari mmoja:
kile kitu kinachofunguka ukikibonyeza,
kinachomeza maneno na kuyatema,
kiitweje?

Mimi kazi yangu ni kuandika kumbukumbu.
Maoni siruhusiwi. Naandika tu: fulani alisema.

Brais alisema kiitwe akordioni,
kwa kuwa hukunjuka; akaitanua mikono
akapiga hewani wimbo wa harusi ya binamu yake.
Tulicheka. Kisha Ilse wa Gent akauliza
akordioni yenye mkunjo mmoja ni akordioni gani,
na mtoto ambaye hajawahi kuiona atakisia nini.
Waldemar akataka kigeuzi.
Kigeuzi hugeuza nini? Kila kitu hugeuza kitu.
Na Mitsuyo, aliyekuwa Sendai, kwake saa saba za usiku,
uso ukigandaganda kwenye skrini:
"Jina hilo tulilitumia mwaka juzi, kwa swichi.
Swichi ile ingali hai."

Kahawa ilipoa. Nilihesabu majina ubaoni, kumi na saba.
Droo. Kunjo. Kifuniko. Kidirisha. Pazia.
Mengine yalikuwa matamu mdomoni;
hayo ndiyo niliyoyaogopa.

Najua kwa nini kila mtu alikaza shingo.
Zamani, kabla yetu, mtu fulani mwenye haraka
aliandika neno akaangusha herufi moja.
Herufi ile ingali chini hadi leo,
twaipita kila siku, hakuna wa kuinama aiokote:
ukiirudisha mahali pake,
milango isiyohesabika itagoma kufunguka.
Mtu akilichukia jina lake huenda mahakamani.
Neno letu halina mahakama.
Likishatoka, limetoka.

Casilda Outeiriño alikuwa kimya tangu asubuhi.
Ni mwaka wa tisa haoni. Kompyuta humsomea
kwa kasi ambayo sisi wengine twasikia mchanga tu ukimwagwa.
Akaipunguza mwendo. Akaielekeza spika kwetu.
Ukurasa wa hospitali, anakoagizia dawa za mama yake.

*Kitufe,* ikasema mashine. *Kitufe.*
*Kundi. Kundi ndani ya kundi.*
*Akordioni, imefungwa.*
*Kitufe kisicho na jina.*

"Hapo kwenye kisicho na jina," akasema,
"ndipo ilipo namba ya dharura.
Niligundua baada ya siku mbili.
Ninyi mnaona mshale mdogo, mnajua.
Mimi nikiambiwa akordioni, namtafuta mpigaji.
Picha wekeni kwenu. Mimi niambieni kazi yake."

(Hapa kumbukumbu zina nafasi tupu ya mistari minne.
Hakuna aliyesema.)

Ilse ndiye aliyeanza, polepole, kama apapasaye ufunguo:
"Kinafanya nini?"
"Kinatunza habari mpaka uzihitaji."
"Habari gani?"
"Za ziada. Maelezo."
"Basi Maelezo."

Waldemar akaguna: neno la kawaida mno,
hata bibi yangu angelielewa.
Casilda akacheka kwa mara ya kwanza.
"Mpe salamu zangu bibi yako."

Kura: tisa kwa mbili. Nikaandika.

Sasa naungama, maana ukurasa huu si wa kikao:
Pazia lilikuwa langu.
Nililiandika ubaoni wakati wa chakula,
kwa mwandiko niliouinamisha upande nisiuzoee,
na mchana kutwa nililitazama likining'inia pale, zuri,
likingoja mtu alipende.
Nililifuta mwenyewe, kwa kiganja.
Wino wa buluu ulibaki mkononi hadi usiku.

Tukashuka pamoja. Ndani ya lifti
vitufe vilikuwa moja, mbili, tatu, nne,
na cha chini kabisa, badala ya namba, nyota.
Casilda akaipapasa ncha kwa ncha, mara mbili.
"Hii," akauliza, "inashuka au inapaa?"