Ukurasa wa Saba

Nimeichapisha ripoti maktaba ya Lowell, senti kumi na tano kila karatasi,
kurasa kumi na moja za maisha yangu yaliyoandikwa na wasionijua.
Kadi ya duka la viatu: nimelipa.
Mkopo wa gari lile jekundu lililokufa giaboksi: nimelipa.
Kisha ukurasa wa saba.
Dola elfu moja mia mbili themanini na sita,
limepelekwa kwa wakusanyaji madeni, halijalipwa.
Mdaiwa: Hidaya Simbaja.
Hata jina langu hawakulikopa vizuri.

Mimi ni Semboja.
Baba alikuwa Semboja, naye alisema dawa ya deni kulipa.
Hakusema dawa ya deni lisilo lako.

Nililijua kabla sijasoma tarehe.
Februari ya mwaka jana, saa tisa na dakika kumi na mbili usiku,
usiku wake wa mapumziko,
theluji imefika kwenye vitasa vya magari,
Nyamizi ameketi sakafuni jikoni, anajipapasa kifua
kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.
Mimi ndiye niliyepiga simu.
Mwanamke wa upande wa pili akauliza, jina lako nani?
Nikamtajia, herufi kwa herufi.
Gari la wagonjwa likaja na taa zake, likaondoka naye,
na jina langu likapanda humo humo bila kuulizwa nauli.

Hospitali walijua nani amekufa.
Wenye gari walijua nani amepiga simu.
Deni likauzwa kwa kampuni ya Ohio,
ya Ohio ikaliuza kwa nyingine, kwa bei ya maandazi,
mpaka juzi mwenye nyumba ya Mtaa wa Branch ananiambia, kwa upole,
alama zako mia tano sabini na tatu, mama, samahani.

Basi nimekaa na fomu.
Kiboksi cha kwanza: deni hili si langu.
Nikatia tiki, kalamu haikusita.
Kiboksi cha pili: eleza uhusiano wako na mgonjwa.
Hapo chai ikapoa.

Tulipokezana kitanda kimoja mwaka mzima,
yeye zamu ya usiku, mimi ya mchana,
nikilala kwenye joto aliloliacha.
Alitia chumvi kwenye uji; nikamsuta, nikazoea.
Kwao Tabora, kwetu Korogwe, tungekutana wapi
kama si kwenye nyumba ya wazee, tukimgeuza bibi mmoja wa Kigiriki,
yeye mabegani, mimi miguuni?
Kwa Kiswahili ni ndugu yangu, hakuna wa kunidai ushahidi.
Kwa Kiingereza cha fomu, ndugu ni kukiri,
na kukiri ni kulipa.
Nikaandika: hatuna uhusiano wowote.
Nikaikunja haraka, kama nimeiba.

Posta. Barua ya rejista, na kadi ya kijani irudi na saini.
Nakala ya kitambulisho changu.
Nakala ya cheti chake cha kifo, jina lisilo na kosa hata moja.

Siku ya ishirini na nane wakajibu: tumehakiki, deni ni sahihi.
Wamehakiki na nani?
Wamemuuliza mdai kama anadai, akasema nadai.
Nikaandika tena. Nionyesheni saini yangu.
Nionyesheni huyo Simbaja amezaliwa wapi.
Ya tatu niliandika kwa hasira, nikaichana,
nikaandika kwa adabu.

Mei, bahasha nyembamba: limefutwa.
Alama zimepanda. Funguo za Mtaa wa Branch ninazo.

Ile ripoti ya kwanza sijaitupa.
Iko kwenye kopo la biskuti, pamoja na kitana chake.
Hakuna karatasi nyingine nchi hii
inayosema kwamba usiku ule alikuwa na mtu.
Simbaja, wameandika.
Haya, na awe huyo Simbaja
aliyekuwa ndugu yake.