Asiyejua Maana

Makoti kumi na mawili, meusi, mabega ya kunyooka,
kola ndefu, vifungo vya fedha safu mbili,
na kitambaa chekundu cha kuzungusha mkononi.
Ndivyo alivyoandika Gyu-beom kwenye karatasi ya oda.
Akanywa chai yangu ya shayiri bila kukaribishwa,
akasema: Mama Mal-sun, Jumamosi vijana wanapanda jukwaani.

Katikati ya wekundu, duara jeupe.
Katikati ya duara, mkasi wangu ukasita:
alama ya miguu minne iliyovunjwa magoti.
Nikadhani ni ile ya hekalu, ile ya mlangoni
alipoinama mama yangu kutuombea mitihani,
ila hii imelazwa upande, kama inayokimbia.
"Ni mtindo tu," akasema. "Inakaa vizuri kwenye kamera."
Mimi ni fundi. Napimwa kwa mshono, si kwa maswali.
Nikashona.

Alhamisi akapanda ngazi za Dongdaemun
Bi Ilka Vágó, muuza vifungo kutoka Budapesti,
akaona meza yangu.
Hakupiga kelele. Heri angepiga.
Alikalia robota la kitambaa, akaomba maji,
glasi ikamgonga meno.

Kisha akaniuliza jambo la kifundi:
nyota ya manjano, upana sentimita kumi,
utaishonaje kwenye koti la mtoto wa miaka minne?
Nikasema: kwa mkono, mishono ya mbalimbali,
ili ifumuke koti likimbana.
Akaitikia kwa kichwa. Bibi yake naye alishona hivyo.
Askari akapitisha penseli chini ya ncha ya nyota,
penseli ikapenya,
akamzaba kofi mbele ya watoto,
akamrudisha nyumbani akaishone upya, ibane.
Bibi akashona nyota tano usiku ule.
Mwezi uliofuata, gari moshi.
Nyota moja ilirudi. Ndiyo mama yake Ilka.

"Waliotoa amri," akasema, "walivaa hiki."
Kidole chake hakikukigusa kitambaa,
kilisimama hewani, kama juu ya jiko.

Asiyejua maana haambiwi maana, husema watu.
Mimi nakataa. Asiyejua ndiye wa kuambiwa,
tena mapema, kabla uzi haujakatwa.

Gyu-beom alipokuja, sikuhubiri.
Nilimwekea mezani kofia niliyoitarizi usiku:
jua jekundu, miale kumi na sita.
Akarudi nyuma, akaangusha kiti.
"Nani atavaa hii? Babu wa baba yangu alichimba makaa kwao,
chini ya bendera hii, haukurudi hata ukucha wake!"
Nikasema: "Ni mtindo tu. Inakaa vizuri kwenye kamera."

Kimya. Cherehani ya jirani ikala mita nzima.
"Lakini ile ni ya mbali," akasema chini chini.
"Hapa nani anaijua?"
"Na jua hili ni la mbali, kwa mwingine.
Mkuki kwa nguruwe mtamu, mwanangu.
Wewe unaijua ncha yake."

Sisemi kwamba alilia. Sikuona.
Alivuta kiti, akachukua kifumulio,
akafumua vibaya, akitoboa kitambaa kizuri,
mpaka taa za ngazini zikazimwa.
Kola nilizikata mwenyewe. Vifungo nikaweka vya mbao;
Bi Ilka alinipunguzia bei, na hakusema kwa nini.

Nyuzi nyekundu zimo bado kwenye soksi zangu.
Na nilipohesabu:
vitambaa kumi na viwili nilishona,
kumi na kimoja tumefumua.
Kuna kijana mahali, mbele ya kioo,
anaukunja mkono, anajiona kapendeza,
na hakuna aliyemwambia.