Kopo Lisilo na Lebo

Bethesda, Januari. Theluji imefika vizingiti vya madirisha,
na Dorothea Kaczmarek anasoma majarida kwa rula.
Haliamini jicho peke yake. Jicho, husema, lina haraka ya mwenye njaa.
Anaweka rula chini ya mstari, anausoma,
anaishusha kwa upana wa kidole,
anausoma unaofuata.

Mimi mgeni, meza ya pili kutoka mlangoni,
nimefundwa kuchagua maneno ya faharasa:
Ini. Panya. Protini. Wazee waliovuka sitini.
Makala kumi na mbili kwa siku, kahawa ikipoa pembeni.
"Na namba?" akaniuliza juma la kwanza.
Namba ipi?
Akafunua hadi mwisho wa makala,
tanbihi yenye herufi kama mayai ya chawa:
mfuatano umewekwa katika hifadhi,
namba M, kisha tarakimu tano.
"Hii ndiyo makala," akasema. "Kurasa nyingine zote
ni mtu anayejieleza."

Mamake alibandika lebo kiwandani, Baltimore,
makopo ya chaza, makopo ya nyanya,
bati lile lile, uzito ule ule.
Lebo ikidondoka hujui una bahari au una shamba
mpaka utoboe.
Nyumbani walikula yaliyodondokwa na lebo.
Kila Ijumaa, bahati nasibu.

Machi ikaja barua kutoka Turku,
imeandikwa kwa adabu inayouma:
*Tumeifuata namba mliyoinakili.
Tulitafuta jeni ya vali ya moyo, tuna mtoto wodini.
Tumekuta ukungu wa mkate.*
Saini: Pirkko Salmela.
Na kwenye karatasi yetu ya kazi, herufi za jina langu.

Masikio yakawaka moto.
Dorothea hakunikemea. Alishuka ghala la chini,
akarudi na juzuu na vumbi kifuani,
akaweka rula, akaweka lenzi.
Nane.
Ukurasa ulisema nane, nami niliandika nane.
"Hukukosea," akasema,
akakaa kimya kwa muda mrefu kiasi kwamba
neno lile likaanza kunuka.

Kanuni yetu ilikuwa moja: nakili kilichochapwa.
Hatutengenezi, hatukisii, hatuongezi nukta.
Msimamizi alisema hivyo hivyo, kwa upole, akaifunga barua katika faili.
Dorothea akasubiri aende kula
akanyanyua simu.

Profesa wa Winnipeg alicheka. Namba? Miaka mitatu iliyopita?
Ilipigwa chapa na mwanafunzi, na mwanafunzi ameondoka,
hakujua kwenda wapi. Labda Gimli, kwao.
Siku tisa za simu.
Shangazi. Kanisa. Mwenye nyumba aliyedai kodi.
Mimi nikiendelea: Figo. Sungura. Utafiti wa kulinganisha,
na kila namba nikiitazama mara tatu
kama mtu anayerudi kujaribu kufuli la mlango.

Halldóra Sigurdson alikuwa anauza viatu.
Alipokea simu dukani, nyuma yake mteja analalamikia soli.
Dorothea akamsomea namba, polepole, tarakimu moja moja,
na alipofika ya tatu yule binti akamkata:
"Tatu. Si nane. Tatu."
Una daftari hapo?
"Sina kitu hapa ila masanduku.
Bibi, niliusoma ule mfuatano herufi kwa herufi miaka miwili,
usiku, filamu juu ya taa, A, T, G, G,
na waliponitumia namba niliiandika mkononi kwa kalamu
nikakaa siku nne bila kuuosha."
Kisha akauliza:
"Kuna mtu anauhitaji?"

Dorothea alifunika kinywa cha simu kwa kiganja.
Akaniangalia. Nilidhani anataka niseme neno.
Alikuwa anataka kalamu.