Ini Halipigi Kelele

Walinikatalia damu.
Nilikuwa nimekunja shati hadi kwapani,
dada yangu Letaru yuko wodini, amezaa usiku, amevuja,
na mimi, mzima kama jembe jipya,
naambiwa na binti mwenye glavu:
Ezati, damu yako hii hatuwezi kumpa mtu.

Walimpata mwingine. Letaru akafumbua macho.
Mimi nikaitwa chumba cha pili.

Tone moja la kidole,
kijiti chembamba, dakika kumi na tano.
Mstari wa kwanza ni wa kipimo chenyewe, alisema, usiuogope.
Wa pili ulikuja polepole, mwekundu hafifu,
kama mgeni asiyejua kama amealikwa.
Nimesoma mistari mingi, ya magazeti, ya risiti za tumbaku;
huu ndio ulionisoma mimi.

Homa ya ini, aina ya B.
Nikamwambia: mbona sina homa?
"Ndiyo tabia yake," akasema.
"Jino likiuma mtaa mzima haulali.
Ini halipigi kelele. Linabeba, linabeba,
mpaka siku linapoutua mzigo katikati ya njia."

Hapo nikamwona Drani.
Tumbo limejaa kama mtungi,
miguu chini yake mabua ya mtama,
macho rangi ya kiini cha yai.
Tulisema sumu.
Tukamtaja jirani, Mzee Onzima,
kwa kuwa waligombania mpaka wa mihogo.
Akavuka mto Enyau usiku
na mbuzi wawili, na shutuma zetu mgongoni.
Amefia hukohuko.

"Mliwahi kuchanjwa chale?"

Swali dogo. Likafungua kibaraza cha bibi, mwaka wa surua:
watoto watano tumepangwa kwa umri,
Drani mbele, mimi wa tatu, Letaru mwisho analia,
majivu meusi kwenye kifuu
na wembe mmoja.
Bibi aliufuta kwa kitenge chake kila alipomaliza mtoto.
Aliufuta kwa upendo.
Wazee wakisema sisi ni damu moja
hawakujua wanasema nini.

Au si wembe, akasema binti, huenda ni mama,
siku ya kuzaliwa kwenyewe; sindano, kitanda,
damu ina milango mingi, hatutajua ni upi.
Watu husema neno kali hukata maini.
Langu halikukatwa na neno.

Nilirudi wodini, nikakaa ukingoni mwa kitanda.
Letaru aliniacha nimalize.
Kisha akasema, bila kunitazama:
mimi najua tangu kliniki ya wajawazito.
Niliogopa mtanitengea sahani.

Sahani!
Miezi mitano alikula enyasa pamoja nasi
akijihesabu mwizi.
Ningemwambia nini?
Sahani haina kosa, wala kikombe, wala kukumbatiana.
Nikamega mkate wake, nikala.

Mtoto alikuwa hajatimiza saa kumi na mbili duniani
alipochomwa sindano pajani.
Alilia kama mwenye kesi.
Muuguzi akaandika kwenye kadi: *amechanjwa.*
Nikalitazama neno lile.
Lilelile la bibi, la majivu na wembe;
limezunguka miaka thelathini
limerudi limenawa mikono.

Mbavuni mwangu chale ni sita, nimezihesabu jana bafuni.
Pajani mwa mtoto hakuna hata alama.

Mimi kila miezi sita nitapimwa,
waragi nimeuacha chupani, mwenye kiu anywe.
Asiku amekubali kwenda kupima; mkewe akiwa hana, achomwe zile tatu.
Feni anasema yeye haumwi popote.
Ndivyo nilivyosema mimi.

Jumamosi navuka Enyau,
mbuzi wawili wako kamba moja tayari,
kwa watoto wa Onzima.
Sijui nitaanza na neno gani.