Nyimbo Ishirini na Nane

Jumanne jioni Chiduo alinitumia orodha:
nyimbo ishirini na nane, usaili Jumamosi,
ukumbi wa nyuma ya soko la Majengo.
Besi ya kuazima. Uzi mmoja una kutu.

Mchana nipo mashineni Nkuhungu, nasaga uwele wa watu,
sikio moja kwa mteja, jingine kwenye simu.
Kodi za gitaa nimeziandika kwenye gunia la pumba;
kodi ya chumba sikuiandika,
hiyo mwenye nyumba ananikumbukia.

Usiku wa pili ndipo nilipozifuma:
kumi na moja ni ndugu wa tumbo moja,
zimebadilishana khanga tu.
Sita huanza kama mtu anayepiga hodi,
zikaisha kama aliyekuta kufuli.
Nikaacha kukariri. Nikawa nazitambua kwa mwendo,
kama unavyomjua jirani gizani.

Zilizobaki zilinitesa.
Ya kumi na tisa ina kona; kila nikifika, naanguka.
Mdogo wangu Mbeleje akaidaka kabla yangu,
akawa anaiimba akifua,
na kosa langu ndani yake, limenyooshwa vizuri.

Jumamosi vumbi lilitangulia ukumbini.
Wakachagua mbili. Mbili tu!
Na ya pili ni ile yenye kona.
Nikaipiga kama Mbeleje, na kosa lake;
mpiga tumba akacheka, akanifuata huko huko.

“Tutakupigia,” akasema Chiduo, akikunja waya.

Sasa ni saa nane za usiku.
Nina nyimbo ishirini na sita ambazo hakuna aliyeziuliza,
na hazitaki kulala.