Gramu Mbili, Saa Tatu na Dakika Kumi

Alikuwa anapanda na mchanga kutoka ziwani,
gunia mgongoni, kamba kwenye paji,
na mvua ya usiku ilikuwa imepaka sabuni vijia vya Kadutu.
Tulimkuta mferejini. Mfupa wa muundi ulikuwa nje, mweupe,
ukiitazama asubuhi ya Bukavu
kama mgeni asiyepiga hodi.

Jina? Nabintu.
Miaka? Akacheka. "Andika ile unaweza."

Nikaosha tope kwa maji ya chumvi, chupa mbili.
Tope halina haraka.
Wanaoishi ndani yake ndio wenye haraka.

Zamani tulifunga kitambaa tu, tukapakia.
Dawa ilikuwa ya hospitali, ya daktari na koti lake.
Naukumbuka mguu wa Cishugi, seremala:
saa tano barabarani, lori limelala mbele yetu,
siku ya sita harufu,
siku ya tisa msumeno.
Wake aliuacha nyumbani. Huu ulikuwa mwingine.

Sasa kisanduku changu kina vichupa vinne.
Penisilini ilishawahi kukuvimbisha? Koo kubana?
Anatikisa kichwa. Nauliza tena kwa Mashi,
maana swali la hatari huulizwa kwa lugha ya jikoni.

Unga, maji. Natikisa. Povu linapanda, linatulia.
Ringa nimeifunga: yeye na dawa hii hawalali nyumba moja.
"Twende!" anasema Birindwa, mguu kwenye mafuta.
Bado.
Gari likiruka, mshipa unapotea.
Nasukuma polepole, dakika nne nzima,
naye dereva anapiga usukani kwa vidole
kama anayedai deni.

Kwenye plasta, mkononi mwa mama, naandika saa na kipimo,
ili atakayempokea asianze upya.

Pale Essence, foleni. Pikipiki, vikapu vya ndizi,
askari na filimbi isiyosikiwa na mtu.
Dakika arobaini mahali pamoja.
Nilizihesabu, ndiyo,
lakini kwa nusu ya hofu niliyoizoea.

Nabintu akagusa paji,
ule mfereji mdogo uliochimbwa na kamba.
"Muchanga yangu iko wapi? Fundi alishalipa."

Kwa hilo sikuwa na kichupa.

Birindwa hakugeuka.
"Iko nyuma, chini ya machela."
Nikainama. Kweli: gunia zima, limelowa,
likidondosha ziwa tone kwa tone
kwenye sakafu niliyoisugua jana.