Bwana Afya Achagua Mashine

Daktari alisema kwa upole, macho kwenye kalamu yake:
"Mama Namkunda, manyoya yale ni adui wa kifua.
Wapeleke shamba. Au wapeleke chunguni."
Namkunda, miaka tisa, kopo la dawa ya pumu mkononi,
alinitazama kama mtu anayesubiri hukumu ya nduguye.

Nikasema: nitanunua mashine.

Ndiyo maana Jumamosi hii nimeshuka kutoka Rau
na kikapu cha sokoni, kanga juu yake,
na chini ya kanga, Bwana Afya,
dume la kijivu, sikio moja limelala,
afisa asiyekagua chochote
ila huacha ripoti zake, punje kwa punje, nyuma ya kochi.
Mwenzake, Kachumbari, nimemwacha nyumbani akipukutika.
Baridi hii ya Julai manyoya yake yamo kwenye chai,
kwenye sweta ya shule,
kwenye Biblia, kati ya Ruthu na Samweli.

Fuadi wa duka la vyombo vya umeme
akanipangia tatu sakafuni.
"Hii, wati elfu mbili. Inafyonza mpaka madeni."
Nikauliza: bomba lake lina upana gani?
Maana nyasi kavu si vumbi, nyasi hujikunja kooni
kama mwiba wa samaki kwa mlafi.
Nikauliza: kichujio kinafuliwa,
au nitakiagiza Nairobi kila mwezi kama dawa ya sukari?
Nikauliza: na pumzi inayotokea nyuma?
Isije ikala manyoya mbele
ikayapiga chafya nyuma, kwenye kitanda cha mwanangu.
Fuadi akafuta paji la uso.
"Mama, wenzio huuliza rangi tu."

Nikafunua kanga.
"Huyo mboga?" akauliza kijana wa mizigo.
"Huyu mteja," nikamjibu.

Akawasha ya kwanza. Ndege ikapaa dukani.
Bwana Afya akapiga mguu kwenye kikapu, du!
mara moja tu, kama mwenyekiti anayefunga kikao.
Ikazimwa.
Ya pili ilikuwa na sauti ya mbu, na nguvu ya mbu;
nilimwaga konzi ya nyasi, ikazibusu, ikaziacha.
Ya tatu ilikuwa ya mtumba,
imetoka nyumba ya mtu nisiyemjua, huko Ulaya,
tumbo kubwa, magurudumu, kimo cha mtoto anayetambaa.
Ikanguruma chini chini, kama bibi anayesali peke yake.
Bwana Afya akasimamisha lile sikio zima,
akafikiri,
akarudi kwenye jani lake la figiri.

"Hiyo," nikasema.

Fuadi akaifungua tumbo nilione.
Kwenye ukunjo wa mfuko, unywele mmoja mweupe, mrefu,
wa mbwa, au wa ajuza.
Hatukusema kitu.
Nikautia kwenye pochi, sijui kwa nini.

Hadithi za jioni zilinidanganya utotoni:
sungura mjanja, mla karanga za wenzake, mshinda simba.
Wangu hajawahi kumlaghai hata mende.
Ujanja wake wote ni kuogopa mapema.
Hivyo nilidhani.

Usiku wa kwanza zulia lilirudi rangi niliyoisahau.
Namkunda akalala bila ule mluzi kifuani.
Nikakaa mlangoni nikihesabu pumzi zake,
kumi, ishirini, arobaini na kitu,
nikapotewa na hesabu na sikuitafuta.

Kisha, nyuma ya kochi: kwe, kwe, kwe.

Lilikuwepo swali moja nililosahau kumuuliza Fuadi.
Waya. Umekatwa pande mbili,
safi, kama uzi kwa meno ya fundi cherehani.
Nilimulika kwa simu, mkono ukitetemeka:
mzima. Hata sharubu hazijaungua.
Ile shirika tunayoitukana kila siku
ilikuwa imekata umeme tangu saa mbili.

Bwana Afya ameketi kando, anajilamba ukucha.
Ubavuni mwake ripoti tatu,
bado za moto.